Karatasi Iliyozikwa Upenuni

Karatasi ambayo ingemwokoa Felisa Dumaran ilikuwa chini ya ardhi, ndani ya chungu, pamoja na kondo la nyuma la mtoto wa Rizalyn na penseli mpya iliyochongwa vizuri. Chungu kilizikwa upenuni mwa nyumba ya Lola, yaani Bibi, Pacing, mama yake Rizalyn, pale maji ya mvua yanapodondokea, na juu ya pale Lola Pacing alikuwa ameweka kigoda akakikalia. Sigara ilikuwa mdomoni, upande wa moto ukiwa kwa ndani, maana ndivyo mabibi wa Lantawan, kijiji cha milimani, wanavyovuta, na panga lilikuwa mapajani.

"Lola, nakuomba unisikilize," alisema Felisa.

"Nimekusikiliza tangu jana. Hapachimbwi."

"Nataka karatasi tu. Kondo silihitaji. Nitaichomoa, nitafukia, nitakwenda zangu."

"Karatasi ndiyo akili ya mtoto. Ukiichomoa, utakuwa umemwachia nini? Matope?"

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa asubuhi Felisa alitakiwa afike mbele ya kamati ya afya ya wilaya aeleze kwa nini asinyang'anywe leseni ya ukunga aliyokuwa nayo kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa na siku moja na nusu, na mbele yake alikuwa na bikizee mwenye panga.

Felisa hakuwa mkunga wa kuokotwa. Mama yake alikuwa dobi wa masista, nao masista wakamsomesha binti wa dobi wao mpaka akawa na mwandiko mzuri kuliko wao wenyewe. Tuzo ya mwandiko aliishinda miaka mitatu mfululizo. Akaenda chuo cha ukunga, akafaulu mtihani wa taifa, akafanya kazi miaka sita katika kliniki ya wilaya. Huko aligombana na kila mtu mwenye cheo. Aliona wanawake wa milimani hawashuki, akauliza kwa nini kliniki isipande. Hakujibiwa. Basi akapanda yeye, na begi lake, na bati la biskuti alimowekea mikasi na sindano. Tangu hapo alikuwa mkunga wa kujitegemea, na wajukuu wa aliowazalisha mwanzo wakaanza kupita mikononi mwake.

Mdomo wake ulikuwa mchungu kuliko shubiri. Mzazi akipiga mayowe alimwambia, "Mayowe hayazai, nyonga ndiyo inazaa. Sukuma." Mume akizimia alimruka. Wote walimwita Manang, yaani dada mkubwa, na waliomwogopa hawakuwa wachache. Lakini walimwita.

Miaka minne nyuma baraza la wilaya lilipitisha sheria kwamba ni kosa kuzalia nyumbani. Mzazi apigwe faini, mkunga apigwe faini na kibali chake cha wilaya, kile cha kila mwaka, kifutwe. Sheria hiyo ilitungwa na wanaume tisa na mwanamke mmoja, na huyo mmoja alijifungulia chumba chenye kiyoyozi katika mji wa mkoa. Wakaacha mwanya mmoja tu: mama akishikwa na uchungu njiani, akazaa kabla ya kufika kliniki, hana kosa. Atakayeacha tundu kwenye ua asishangae kuku wakipita. Milima ikaupata mwanya wiki ile ile. Mwanamke alizaa kitandani kwake, akanywa supu yake ya kuku na mlonge, kisha akalazwa kwenye machela pamoja na mtoto, akateremshwa mpaka kliniki, na kwenye fomu ikaandikwa "njiani." Kwa mujibu wa daftari la wilaya, kwenye kona moja tu karibu na daraja la mianzi walikuwa wamezaliwa watoto kumi na wanane. Mahali penyewe hapana hata jiwe la kukalia.

Hilo la kona Felisa alilisaini mara kumi na nane, na hakulionea aibu. Aliona heri aidanganye fomu kuliko kumtoza faini mwanamke aliyetoka kuchanika.

Kisha mwaka jana likaja la bima. Kila mkunga wa kujitegemea alete hati ya bima, ili mtoto akidhurika pawe na wa kulipa. Asiyekuwa nayo haongezewi kibali. Kwa hilo Felisa hakubisha. Alisema hata dereva wa lori la mkaa ana bima, sembuse mkunga. Akavaa gauni lake la kanisani akaenda mji wa mkoa kwa wakala, bwana mmoja mwenye tai na feni mbili mezani.

"Anwani ya kituo chako, mama?"

"Sina kituo. Mimi ndiye ninayemfuata mzazi."

"Fomu inataka anwani."

"Andika kitandani kwa mwenye mimba."

Wakala hakucheka. "Mama, kuzalisha nyumbani huko kwenu ni kosa. Kampuni haiwezi kukatia bima kosa."

"Na wilaya inasema bila bima sipati kibali."

"Basi lete kibali kwanza, mimi nikukatie bima."

"Kibali nitapewa na nani kama sina bima?"

"Hilo si la kampuni, mama."

"Feni mbili hazikutoshi," Felisa alimwambia akiinuka. "Tafuta ya tatu upulizie ubongo."

Bima ya taifa nayo hulipia jengo, hailipii mikono. Jengo liwe na njia ya viti vya magurudumu, jenereta, choo cha wanaume na daktari wa kusaini. Felisa alikuwa na bati la biskuti. Basi akaendelea na kazi huku kibali kimekwisha muda, amekalia kuti kavu na analijua. Kinga yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuandika. Kwa kila uzazi alitumia karatasi moja, kwa penseli, maana wino hukimbia kwenye karatasi yenye unyevu. Presha saa ngapi, njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya mtoto, nani kaitwa na kajibu nini. Na kwa kuwa aliwajua watu wa wilaya, kila alipoomba gari la wagonjwa kwa redio ya mawasiliano iliyokuwa ofisi ya kata, alimtaka aliyeshika redio aandike jibu kwenye karatasi ile ile na kutia saini.

Mtoto wa Rizalyn alichagua kuja siku ya sherehe ya mtakatifu wa mji. Wanaume karibu wote wa Lantawan walikuwa wameshuka kula nguruwe wa kuchoma na kunywa tembo la mnazi. Saa nne asubuhi Felisa alimpima Rizalyn presha, hakuipenda. Alipima tena, akaipenda kidogo zaidi ya mara ya kwanza, lakini si kwa kiasi cha kubaki. Huyu alitakiwa ateremke. Felisa si mwehu wa kung'ang'ania kitanda. Mzazi wa kliniki alimpeleka kliniki. Akamtuma Arnel, mume wa Rizalyn, akimbie na karatasi mpaka ofisi ya kata, hatua hamsini tu, ambako Boyet, mpwa wa kapteni, yaani mkuu, wa kata, alikuwa zamu ya redio.

Karatasi ilirudi imeandikwa, "Saa 4:20. Gari linakuja." Saini.

Saa sita hapakuwa na gari. Arnel akatumwa tena. "Saa 6:05. Gari limebeba spika za muziki, likishusha litakuja." Saini.

Saa saba na robo ilirudi mara ya tatu. "Saa 7:15. Dereva anakula." Saini.

Saa nane na dakika arobaini mtoto akatoka, wa kiume, mzima, mwenye hasira. Felisa aliigeuza karatasi upande wa pili, upande wa mwenendo wa uzazi, akaandika saa, akaandika uzito, na kwenye mahali pa kuzaliwa mkono wake uliozoea ukaandika ukweli: nyumbani. Uongo alikuwa akiuweka kwenye fomu ya wilaya. Karatasi yake mwenyewe hakuidanganya. Kondo likatoka zima. Lola Pacing akalipokea kwenye bakuli akatoka nalo. Kisha damu ikaja, nayo haikukoma.

Alichoma sindano, akaukanda mji wa mimba kwa ngumi mpaka ukaanza kukaza. Damu ikapungua, ila iliyokwisha kumwagika ilikuwa imelowanisha mkeka mpaka sakafuni. Wanne wa kwanza kurudi kutoka sherehe, wawili wao wamelewa, walimbeba Rizalyn kwa machela, na Felisa akaenda pembeni ameshika tumbo la mzazi njia nzima. Doktora Villarente, mganga mkuu wa wilaya, alimpokea, na kwenye fomu Felisa akaandika "njiani" kama kawaida. Damu ya kundi lake haikuwepo. Doktora akalala kitanda cha pili akatoa yake mwenyewe.

Rizalyn akapona. Na Doktora, ambaye damu yake sasa ilikuwa ikitembea ndani ya mwili wa mwanamke wa Lantawan, akaandika mashtaka. Mkunga amemshikilia nyumbani mzazi mwenye presha zaidi ya saa nne, hakuomba gari, hana kibali, hana bima. Boyet alipoulizwa alisema hakumbuki kuitwa. Angekumbukaje? Mwenye kukodi zile spika alikuwa mjomba wake kapteni.

Felisa alifungua bati la biskuti atoe karatasi, hakuikuta. Akapanda kwa Lola Pacing kuuliza. Ndipo akaambiwa.

"Kondo lazikwa na penseli na karatasi, mtoto apate kuwa msomi," Lola Pacing alimweleza kwa ukali, utadhani mgeni. "Hujui hilo? Wewe si ndiye uliyeniambia nichimbe kina kirefu, mbwa wasifikie?"

"Karatasi tupu, Lola! Watu hutia karatasi tupu!"

"Watoto wangu saba niliwazikia gazeti. Wamekuwa nini? Wamekuwa wasikilizaji wa habari za watu. Huyu nikasema hapana. Niliiona karatasi yako pale kitandani, mistari imenyooka, herufi zimekaa kama zimepigwa pasi. Nikaitia ndani ya mfuko wa tambi, maji yasiiingie."

Felisa alikuwa amesimamia mashimo ya makondo mamia, na la binti yake mwenyewe alilichimba kwa mkono wake, akatia ukurasa wa daftari la masista. Alijua wasemavyo: kondo likifukuliwa, mtoto hatulii mahali, shule humtapika, mji mmoja haumtoshi. Na yeye alikuwa ameyasema hayo kwa akina mama wachanga, kwa sauti ile ile aliyowaambia wachemshe maji.

Hiyo Jumatano alijaribu njia ya mwisho. "Nitatoa nakala upande mmoja tu, dukani, upande wa redio. Ule wa 'nyumbani' hawatauona. Hamtapigwa faini. Kesho jioni nairudisha kwenye chungu."

"Na kwa siku hiyo moja mtoto atakuwa nani? Hapana. Wewe una leseni, huyu hana kitu."

"Nisipokuwa na leseni, Rizalyn akipata wa sita atazalishwa na nani? Wewe na panga lako?"

"Tutashuka kliniki, kama sheria inavyosema."

"Shukeni! Mkifika mjini ulizeni spika ziko wapi, mtazalia juu yake!" Felisa alikuwa amekwisha kuvimba. "Ahsante ya punda ni mateke, Lola. Nilimshika mwanao tumbo kilomita tisa. Mjukuu wako akiwa profesa, mwambie awanunulie gari la wagonjwa."

"Nenda ukatukane mimba za kwenu."

Dirishani Rizalyn alikuwa amesimama na mtoto kifuani, midomo bado myeupe. Felisa alimtazama akitegemea msaada, asiupate, akateremka mlima huku akiwalaani wote kwa majina.

Siku ya Ijumaa ukumbi wa wilaya ulijaa. Watu hupenda kumwona mwenye mdomo akifungwa mdomo. Mezani walikuwa Doktora Villarente, diwani wa afya na karani mwenye mashine ya kubania karatasi. Boyet alikaa mstari wa mbele, nywele amezipaka mafuta.

"Mtoto alizaliwa wapi?" Doktora aliuliza.

"Njiani," alijibu Felisa. Angesema nini kingine? Fomu aliisaini mwenyewe.

"Njiani wapi?"

"Kona ya daraja la mianzi."

"Wa kumi na tisa," alisema Doktora, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nilimkuta amebakiwa na damu ya kujaza glasi mbili. Uliomba gari?"

"Mara tatu."

"Boyet?"

Boyet alisimama nusu. "Siku ile kulikuwa na kelele nyingi, Doktora. Sikumbuki."

"Muongo mkubwa we!" Felisa alipaza sauti. "Nilikutoa tumboni kwa mama yako miguu ikiwa mbele! Leo ndiyo umejua kutanguliza kichwa?"

"Kaa chini, mama," alisema diwani. "Una ushahidi au una matusi?"

"Upo. Upo ardhini."

Wakacheka tena. Diwani akamwambia karani aandike kwamba mshtakiwa hana ushahidi. Felisa aliitazama kalamu ya karani ikianza kutembea, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima akakaa alipoambiwa akae.

Mlango ukafunguliwa, Rizalyn akaingia. Alikuwa na matope mpaka viwikoni na chungu mikononi. Nyuma yake alikuwa Arnel na mtoto, na nyuma ya Arnel alikuwa Lola Pacing akipiga kelele tangu kwenye ngazi.

"Mwizi wa mwanawe mwenyewe! Mwizi! Nimekwenda kuchota maji tu, nakuta shimo! Mtoto huyu akizurura dunia nzima, mkamtafute nyinyi!"

"Mama, nyamaza," alisema Rizalyn. Hakuwahi kumwambia hivyo maishani. Akaweka chungu juu ya meza ya kamati, juu ya faili. Harufu ikatoka, diwani akarudisha kiti nyuma.

Felisa alikwisha kuelewa kinachotaka kutokea. Alimkazia macho Rizalyn, akatikisa kichwa. Nakala ilikuwa haijatolewa. Karatasi ilikuwa na pande mbili. "Rizalyn, rudi nyumbani," alisema. "Hicho si cha huku."

"Nimeisoma njiani, Manang. Pande zote." Akautoa mfuko wa tambi, akaufungua kwa meno, akamkabidhi Doktora karatasi.

Doktora akasoma kimya, kisha kwa sauti. Saa 4:20, gari linakuja. Saa 6:05, gari limebeba spika. Saa 7:15, dereva anakula. Penseli haikufutika hata kidogo. Alipofika kwenye saini ya tatu alimtazama Boyet, akamsogezea karatasi.

"Hii ni yako?"

Boyet alijikuna shingo. "Inafanana na yangu."

"Inafanana!" mtu akafoka kutoka nyuma, na safari hii kicheko kilibadili upande. Diwani akagonga meza. Akasema suala la gari ni zito na litaundiwa kamati yake. Hadi leo kamati hiyo haijaundwa, ila gari limepakwa rangi mpya.

"Geuza," Rizalyn alimwambia Doktora.

Doktora akageuza. "Hapa pameandikwa nyumbani," alisema, sauti imeshuka. "Unajua maana yake?"

"Najua, nimefika darasa la sita. Nilizaa nyumbani kwa sababu gari lilikuwa na spika. Njiani sikuzaa, Doktora. Njiani nilikuwa ninakufa, na huyu ndiye alinishika tumbo."

Hapo hakucheka mtu.

Waliingia chumba cha ndani, wakatoka baada ya robo saa, na diwani akasoma. Kwa shtaka la kumchelewesha mzazi, Felisa Dumaran hana hatia. Kwa kutoa taarifa ya uongo kuhusu mahali pa kuzaliwa, na kwa kufanya kazi bila kibali na bila bima, ana hatia. Leseni aiache mezani, itapelekwa makao makuu pamoja na pendekezo la kuifuta. Mzazi atalipa faini ya sheria. Maombi yake ya kulipiwa matibabu na bima ya taifa yamekataliwa, kwa kuwa uzazi haukufanyika katika jengo linalotambuliwa.

Felisa aliitoa leseni kwenye begi. Ilikuwa ndani ya plastiki, na picha yake ya ujana ilikuwa imenuna vilevile. Doktora ndiye aliyeipokea.

"Manang," alisema taratibu, wengine wasisikie, "ungeniambia mapema kwamba uliomba gari..."

"Ningekuambia, nawe ungeniuliza alizaliwa wapi. Ningejibu nini? Na wewe ungeandika nini?"

Doktora alikuwa mtu mwema, na Felisa alimchukia zaidi kwa hilo. Mbaya ungemtukana ukapoa.

Karani akaibania ile karatasi kwenye faili. Kle! Lola Pacing akarukia meza.

"Leta karatasi ya mtoto!"

"Bibi, hii sasa ni mali ya serikali."

"Mali ya serikali? Serikali ilikuwepo mtoto akitoka? Serikali ilishika bakuli? Nipe, wewe mwenye vidole vya kubania!"

"Mtoeni huyu bibi," alisema diwani, na wakamtoa, yeye na chungu chake, wawili wakimshika mikono na yeye akiwatajia ukoo wao wote.

Wakaanza safari ya kupanda Lantawan. Arnel alibeba mtoto, Rizalyn alipumzika kila kona, na Felisa, ambaye hakujua kwa nini alikuwa akipanda nao badala ya kwenda kwake, alimngoja kila alipopumzika. Walipofika, Lola Pacing alikwenda moja kwa moja upenuni. Shimo lilikuwa wazi, maji yameanza kujaa. Akayachota kwa kata, akaongeza kina, akakiweka chungu. Ndani mlikuwa na kondo na penseli. Akasimama akilitazama shimo, kisha akaingia ndani akatoka na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mtoto mkubwa wa Rizalyn. Akaichomoa penseli mle chunguni, akaifuta kwa kanga yake, akamtupia Felisa vyote viwili.

"Andika."

"Mimi si mkunga tena, Lola. Umesikia kwa masikio yako."

"Leseni ndiyo iliyokuwa ikiandika? Andika. Sijakusamehe, usidhani. Faini hiyo ni nguruwe wangu mzima."

"Niandike nini?"

"Ulichoandika kwanza. Na usiandike kwa hasira, herufi zitapinda."

Ncha ya penseli ilikuwa imevunjika. Felisa akaichonga kwa lile panga, akapiga magoti, akaweka ukurasa juu ya kigoda. Akaandika jina la mama na jina la baba. Akaandika tarehe, saa nane na dakika arobaini mchana, wa kiume, kilo tatu na robo. Akaandika mahali: nyumbani, Lantawan. Akaandika mkunga: Felisa Dumaran. Kisha akauinua mkono.

"Mbona umeacha?" Lola Pacing hakujua kusoma, lakini alikuwa amemwona Felisa akijaza karatasi hizo mara tano. "Chini ya jina huwa kuna namba."

"Namba ya leseni. Wameichukua."

"Wamechukua kadi. Namba umeisahau?"

"Sijaisahau."

"Basi itie. Mchanga hauulizi kibali."

Felisa akaziandika tarakimu zote saba kwa mwandiko wa masista, polepole, hakuna iliyopinda. Lola Pacing akaukunja ukurasa, akautia kwenye mfuko wa tambi pamoja na penseli, akauweka chunguni, akaanza kufukia.